Mtoto Aliyesokota Kamba Darasani

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo sina hakika kama niliiishi au niliiota. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana. Ukungu ulilala juu ya tope la mikoko, na sisi wanawake tumeinama humo kama vivuli, kila mmoja kwenye shimo lake. Uso wa mtu huuoni. Unasikia sauti tu, na marungu yakiponda makumbi, polepole, kama moyo wa mtu aliyelala.

Wewe umezaliwa mjini, kazi hiyo huijui. Makumbi ya nazi unayafukia kwenye tope, unachomeka kijiti chako cha alama, unayaacha miezi mpaka yalainike. Kisha unayafukua yananuka mayai viza, unayaponda, unayaosha, na zile nyuzi unazisokota kamba juu ya paja. Paja langu la kulia halina vinyweleo mpaka kesho. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Nyumba hii ya Chumbageni unayokuja kulia wali niliijenga kwa kamba hizo. Hakuna mtu aliyenipa hata tofali moja.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mwanaisha, wa miaka minane. Huyo tangu utotoni alikuwa na njia yake. Hakutazami usoni. Ukimuuliza, "Umekula?" anakujibu, "Umekula." Alitembea kwa ncha za vidole, utadhani ardhi inaunguza. Mvua ikipiga bati aliingia uvunguni kaziba masikio, na watu wakizidi kelele alilia mpaka akajiuma mkono. Majirani wengine walisema ana pepo, wengine wakasema ni zuzu. Aliyelisema la pili mbele yangu nilimwonyesha rungu la makumbi, naye akakumbuka ana shughuli nyumbani.

Basi nilijiapiza: mimi nitachafuka, Mwanaisha atasoma. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo sare nilimshonesha mimi, na asubuhi nilimpeleka mimi. Shule yetu ilikuwa vyumba vitatu na baraza refu, kwenye njia ya kwenda Mwera. Mwalimu mkuu alimpokea shingo upande. Alituambia waziwazi kwamba mtoto asiyeonekana darasani mwezi mzima, jina lake hulifuta, na kwamba huyu hatamhesabia udhuru.

Lakini mwalimu wa darasa alikuwa mtu mwingine. Aliitwa Elinaza, Mlutheri wa milima ya Usambara, mrefu, mwenye Kiswahili kilichopinda Kishambaa na viatu vyeusi alivyovifuta vumbi kila saa. Mambo haya hakuyasomea popote. Alitazama tu. Akaona kwamba kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa nje, ikigongwa ghafla mtoto huanguka chini ya dawati. Basi akawa anamwinulia mkono kabla, naye anaziba masikio mapema, inapita. Akaona kwamba darasa likiimba hesabu kwa pamoja, watoto zaidi ya hamsini, mtoto anapotea kabisa; akawafundisha waimbe kwa sauti ya chini, kama wanambembeleza mtoto mchanga. Na akaona kwamba vidole vyake havitulii. Vilikuwa vinafumua upindo wa sketi mpaka nguo ikawa nyuzi tupu. Akamuuliza mama, huyu mtoto nyumbani hushika nini? Mama akamwambia, hushika makumbi, anasokota na dada yake. "Basi aje nayo," akasema.

Hayo yote mimi sikuambiwa. Mama alijua nitakataa.

Ndipo tunarudi kwenye ile asubuhi ya ukungu. Niko ndani ya tope mpaka magoti, nikasikia sauti ya Bi Kombo, mama mmoja ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Wee Mwanaidi, kumbe shule siku hizi wanafundisha kamba? Mdogo wako anasokota humo darasani, wenziwe wanaandika. Nikaombe kazi ya ualimu na mimi, cheti si hiki hapa?" Akapiga paja lake, pa.

Wanawake wakacheka ndani ya ukungu. Kicheko bila nyuso, mwanangu, kinauma kuliko kicheko unachokiona. Nikatoka topeni vilevile nilivyo. Sikumbuki njia. Nakumbuka nimesimama kwenye dirisha la shule, na mle ndani, mstari wa mbele karibu na mlango, Mwanaisha kakunja sketi, anaviringisha nyuzi juu ya paja lake dogo, kamba imeshafika sakafuni. Uso wake umetulia kama maji ya mtungini. Mwalimu anasoma hadithi, watoto kimya. Leo nikifumba macho picha ile naiona nzuri. Siku ile niliona kitu kimoja tu: nimefukua makumbi ili huyu asisokote kamba, na yeye anasokota kamba.

Niliingia bila hodi. Nikamnyang'anya nyuzi mkononi, nikazitupa nje dirishani, nikamkamatisha penseli na vidole vyake nikavibana. "Andika," nikamwambia. "Andika kama watu."

Sauti aliyoitoa sitakueleza. Aliingia chini ya dawati akajiuma mpaka damu. Watoto wakaanza kulia na wao. Mwalimu Elinaza hakunipigia kelele. Aliwatoa watoto nje kimyakimya, akakaa sakafuni mbali kidogo na lile dawati, akangoja. Mimi niliondoka na tope langu, na jeuri yangu bado iko juu.

Kesho yake Mwanaisha hakwenda shule. Tukifika kwenye kona ambako baraza la shule linaonekana, anakaa chini njiani kama jiwe. Nikambembeleza, nikamtisha, nikambeba begani, akanirarua shingo. Ikapita juma moja, likapita la pili. Nyumbani hakusokota tena, hakurudia hata maneno ya watu. Alikaa akitazama vidole vyake. Na mwezi unakwenda, na jina litafutwa, na aliyelifuta ni mimi.

Juma la tatu, maji yamekupwa, wanawake wakanyamaza wote mara moja. Nikageuka. Mwalimu Elinaza anakuja ndani ya tope. Mwanaume, tena wa bara, na vile viatu vyake vimebaki nyuma kimoja baada ya kingine, na hakuangalia vilipobaki. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitika, akajishikiza kwenye mti wa mkoko, akatazama wale wanawake wanavyosokota juu ya magogo.

"Mwanaidi," akasema, "mimi nakaa shuleni tu, sina ndugu hapa. Lakini najua nani kaposwa, nani kagombana na mumewe, bei ya nazi Pangani imekuwaje. Unajua nimezipata wapi habari hizo?"

Nikainua rungu, nikaendelea kuponda.

"Kwenu. Kwa wanawake wa makumbi. Na sijawahi kuikuta mikono yenu imesimama. Sasa niambie: mkisokota, masikio yenu hufa?"

Bi Kombo alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Mdogo wako alikuwa hasokoti ili asisikie," mwalimu akaendelea. "Alikuwa anasokota ili aweze kusikia. Ulipomnyang'anya zile nyuzi, hukumpa penseli. Ulimtoa darasani. Na ulifanya hivyo kwa sababu yako, si kwa sababu yake. Uliona haya."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo, na nilikuwa na rungu mkononi. Nililitia topeni likasimama. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hajui, hata yeye anajaribu, lakini nyuzi alizitupa nani?

Basi mwanangu, mwenye haya akaenda kukaa nayo hadharani. Kesho yake nilibeba fungu la makumbi, nikamshika Mwanaisha mkono, tukaenda mpaka ile kona. Alipokaa chini, nami nikakaa chini. Nikakunja nguo nikaanza kusokota, sikumwambia neno. Watu wanapita wanatusalimia, wengine wanatucheka. Jua lilipopanda, mkono wake mdogo ukaja ukachukua nyuzi. Siku ya pili tulisogea mpaka kwenye mnazi wa uwanjani. Siku ya nne tukafika ukingo wa baraza. Siku zile zinanijia kama moshi: sauti ya mwalimu inatoka mlangoni, watoto wanaimba hesabu chini kwa chini, nyuzi zinapita vidoleni, na mimi niliyeachia darasa la nne nikajikuta naimba nao moyoni. Aliyepitia dirishani kutuangalia alidhani tumelala. Tulikuwa tunasikiliza.

Ndani hakuingia. Ndipo siku ya mwisho wa mwezi ikafika, na mwalimu mkuu akaja na daftari lake la mahudhurio. Alitukuta barazani. Akamwambia Elinaza kwamba mwanafunzi yuko kwenye dawati, aliyeko nje ni mpita njia, na kalamu akaitoa.

Elinaza hakubishana. Aliingia, akaubeba ubao, akaja kuuegemeza mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kisha kiti chake akakiweka juu ya kizingiti.

"Baraza nalo ni darasa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, mkuu. Ita majina tu."

Mkuu akaita. Watoto wanaitika, "Nipo," mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Mwanaisha. Kimya. Mtoto yule hakuwahi kuitikia jina lake hata nyumbani. Akarudia. Kimya. Nikafungua kinywa nimwitikie mimi, na mwalimu akaniinulia mkono, ule ule wa kengele. Ngoja.

Tukangoja. Sijui ilikuwa muda gani. Kunguru alitua juu ya paa, akaondoka. Watoto zaidi ya hamsini hawakukohoa. Mwanaisha alisokota mpaka nyuzi za mkononi zikaisha, akafunga fundo. Kisha, bila kumtazama mtu, akaiinua ile kamba juu, mkono umenyooka kama anaionyesha mbingu.

"Yupo," akasema Elinaza.

Mkuu alisimama na kalamu yake. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi na mapaja yangu wazi, akatazama daftari. Akaandika.

Ilichukua mpaka mvua za vuli Mwanaisha kuvuka kile kizingiti, na alikivuka siku aliyotaka yeye. Alimaliza la saba. Hakuwa daktari, usingoje nikwambie hivyo. Ni mwanamke mzima mwenye maneno machache na kitabu karibu, na hospitali wanaponipa karatasi zao ni yeye anayenisomea, tena bila kuruka hata nukta.

Sasa sikiliza, maana sizungushi. Nyinyi mna majina ya mambo haya, mnasema mahitaji maalumu, mnasema elimu jumuishi, na ni vizuri, sisi tulikuwa na pepo na zuzu tu. Lakini jina halimkalishi mtoto darasani. Nasikia huko shuleni kwako Raskazone, unakofundisha, unaye mmoja anayezungusha kizibo cha chupa kutwa nzima, na umekifungia kwenye mtoto wa meza. Mrudishie. Kabla hujamkataza mtoto kitu, muulize mamake kile kitu kinamfanyia kazi gani. Mtoto wa kukimbia kelele mpe habari ya kengele kabla haijalia, usimngojee aanguke ndipo umhurumie. Darasa zima likipunguza sauti hakuna anayepungukiwa. Ukimuuliza, ngoja jibu, na likija kwa mkono badala ya mdomo, lipokee, ni jibu. Asipoweza kuingia, mpelekee ubao mlangoni. Na wakikucheka walimu wenzio, au mzazi mwenye kiburi akakuingilia bila hodi kama nilivyoingia mimi, usimfukuze; mwambie ukweli, kwa upole, hata ikibidi uache viatu njiani. Aibu uliyonayo ni yako. Usimtwike mtoto.

Nenda mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kutazama na subira ya kungoja, akulainishie ulimi, aibariki mikono yako na mikono yote midogo iliyo mbele yako, inayotulia na isiyotulia. Na kila unapoita jina, asikosekane wa kuitika. Amina.