Nilivyokipima Kitabu cha Sheria ya Biashara

Mkuu wa shule alinikabidhi kitabu kile Ijumaa, tukiwa tumesimama mlangoni pa ofisi yake. "Citoyen, soma hii buku," akaniambia, maana siku zile sote tulitakiwa kuitana raia. "Lundi uniletee rapport: batoto bataielewa, ao hapana?" Yaani nilikuwa na mpaka Jumatatu tu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha sheria ya biashara pale Kolwezi, na wanafunzi wangu hawakuwa na kitabu chochote. Walinakili ubaoni kile nilichonakili mimi kutoka daftari langu la zamani, na makosa yangu wakayanakili vilevile.

Kilikuwa kitabu kinene cha Kifaransa, kimechapwa Ubelgiji kabla nchi yetu haijaitwa Zaïre. Nilikianza Jumamosi asubuhi, penseli mkononi, na kufikia adhuhuri kichwa kilikuwa kinaniwanga. Kitabu kilisema duka hupatikana kwa kulinunua au kulirithi. Nikitazama dirishani niliona duka la pembeni, lililokuwa la Mgiriki, serikali ikalichukua na kumpa citoyen mmoja ambaye hakulinunua wala hakulirithi, na sasa rafu zake zina chumvi na viberiti tu. Nikatia alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa. Ukurasa wa pili nikatia nyingine. Sheria zipi za Wabelgiji zilikuwa bado zinafanya kazi, na zipi zilishakufa? Mimi mwalimu sikujua, na niliona haya kumwuliza mtu.

Jumapili baada ya misa nikaenda nacho Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kwa wazazi wangu. Nilijiona mjanja: nitamsomea baba, nikigeuza kwa Kiswahili, na akielewa yeye aliyeishia darasa la tatu, basi wanafunzi wataelewa. Baba alikaa mbele ya nyumba ya kampuni, viatu amevua. Mama alikuwa chini, anakunja magunia yake. Kesho yake alikuwa apande treni kwenda Lubudi kuchukua maharagwe aliyowekewa na mama mmoja wa huko, na asipofika kwa treni ile yangeuzwa kwa mwingine. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu nikiwa mdogo, na maharagwe yale ndiyo yaliyonisomesha.

Nilisoma kurasa za mwanzo, baba akasinzia. Nikafika mahali paliposema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufanya biashara bila ruhusa ya mume wake. Baba akafumbua macho.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Iko na numero?"

"Iko nayo, tata."

Laiti ningesema haina. Baba alikuwa amefanya kazi mgodini miaka mingi chini ya kanuni zilizobandikwa ukutani, kila moja na namba yake, na alishaona watu wakitolewa nyumbani na vitanda vyao kwa kuvunja namba moja tu. Kwake yeye, chochote kilichochapwa kikapewa namba kilikuwa amri, na amri hii ilikuwa imefika leo.

"Mama wa batoto hataenda Lubudi," akasema. "Batatufukuza mu nyumba."

Hakusema kwa hasira. Aliogopa, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nikamweleza kwamba hiki ni kitabu cha shule tu, kwamba hata mkuu hajakikubali bado, kwamba mimi ndiye ninayekipima.

"Kama haiko sheria," akaniuliza, "utafundisha batoto nini?"

Nikisema ni sheria, mama hasafiri. Nikisema si sheria, basi mimi kila siku nasimama mbele ya darasa nikifanya nini? Mama alikuwa ameacha kukunja. Aliniangalia mimi, si baba.

Ni baba aliyepata njia. "Kamata karatasi. Andika." Nikaandika kwa Kifaransa, kama alivyotaka, kwamba yeye, mfanyakazi namba fulani, anamruhusu mke wake kuuza maharagwe. Akatia sahihi polepole, akaupuliza wino, akampa mama kwa mikono miwili. Alifurahi kweli, maana aliona amemwokoa.

Mama aliishika karatasi bila kuitazama. Hakujua kusoma. "Na siku atakasirika," akaniuliza, "ataweza kuikamata tena?"

Kidole changu kilikuwa bado ukurasani. Mstari uliofuata ulisema mume anaweza kuifuta ruhusa yake wakati wowote. Nikakifunga kitabu.

"Haisemi kitu, mama."

Akaifunga karatasi katika ncha ya kitenge chake. Sijui kama aliniamini.

Jumatatu mama alipanda treni, nami nikapeleka ripoti. Niliandika kwamba kitabu ni cha zamani, kwamba nchi yake si hii, kwamba sijui nusu yake kama ni sheria bado. Kisha, kwa kuwa wanafunzi hawakuwa na kingine, nikaongeza kwamba kinaeleweka kwa urahisi. Mkuu alisoma hilo la mwisho tu. Vitabu vikafika kabla ya mvua.

Mwezi uliofuata nilikuwa Kapata asubuhi ya treni nyingine. Mama alikuwa ameshafunga magunia, amejifunga kitambaa, yuko mlangoni. Akageuka kwa baba, aliyekuwa anakunywa chai.

"Tata, niende?"

Baba akashtuka kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilitazama chini. Miaka yote ya utoto wangu mama alikuwa akisema, "Minaenda," na tayari yuko barabarani.