Nilijifungia Kamari Tunduma, Laini ya Zambia Ikabaki Wazi

Msimamizi wa kundi, naomba unifichie jina, kwa maana wanafunzi wangu wa zamani wamo humu. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu, mkazi wa Tunduma. Nina mke, na binti mmoja, hapa nimwite Tumaini, aliyeolewa Vwawa. Someni hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Baada ya kustaafu nilianza kucheza kasino ya mtandaoni kwenye simu. Mchezo wenyewe ni wa kindege: kinapaa, fedha zako zinaongezeka, nawe unapaswa kuzitoa kabla hakijatoweka. Sikuwa mlevi wala mhuni. Nilikaa tu sebuleni na miwani yangu. Mke wangu alipogundua kwamba fedha za mbolea zimekwisha, hakupiga kelele. Alimwita Tumaini.

Binti yangu alichukua simu, akanionyesha sehemu ambayo sikuwahi kuifungua. "Baba, hapa mchezaji anajifungia mwenyewe. Ukishabonyeza, hata ulie, hawakufungulii mpaka mwaka uishe." Nilibonyeza mbele yao wote wawili. Mke wangu alichinja kuku. Sitaficha: kifungo kile kilinisaidia. Nilijaribu kuingia mara kadhaa, nikakataliwa, na kila nilipokataliwa nilishusha pumzi. Nilirudi shambani, nikarudi kwaya.

Wenzangu wa mpakani mtaelewa kilichofuata. Hapa nyumba ya biashara huwa na laini mbili, ya huku na ya Zambia. Mke wangu huwauzia mahindi wanunuzi wa Nakonde, nao hulipa kwa laini ya upande wao. Laini hiyo haikusajiliwa kwa jina lake wala langu. Ilisajiliwa kwa jina la mdogo wake, shemeji yangu anayeishi Nakonde, kwa sababu yeye ndiye mwenye kitambulisho cha kule. Siku moja mke wangu alikuwa anapima mahindi, akaniachia simu yenye laini hiyo nimpokelee malipo ya mnunuzi. Ukaingia ujumbe wa kasino ya upande ule, ukinikaribisha. Kule sikuwa nimefungiwa. Kule hata sikuwa mimi, nilikuwa shemeji.

Nilijidanganya kwamba safari hii nitacheza kwa nidhamu, maana kasino ile nayo ina kikomo cha fedha za kucheza kwa siku, nikakiweka. Kumbe kikomo kikawa kama zamu ya kazi: nisipokifikia, naona nina haki yangu iliyobaki. Ujumbe wa kunikumbusha muda ukitokea, nauondoa kwa kidole kama ninavyofukuza nzi. Fedha zikipungua, namwambia mke wangu kwamba mnunuzi amelipa nusu. Ananiamini.

Nilipoona nazama, nilipiga simu huduma kwa wateja ya kasino ile, nikaomba wanifungie. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Aliniuliza jina, nikalitaja la shemeji. Akataka picha ya kitambulisho pamoja na uso wa mwenye jina. Nikaeleza kwamba mchezaji ni mimi. "Mzee," akasema, "ni lazima mwenye jina aombe mwenyewe." Kisha akanishukuru kwa kucheza kwa uwajibikaji.

Nikavuka kwenda kwa shemeji nikiwa nimedhamiria kusema. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini mtu wa utani sana. "Mulamu!" akaniita, ndivyo wanavyomwita shemeji kule. "Umekuja kuongeza mahari? Yule ng'ombe wa kwanza alikuwa mwembamba, tulimla tukiwa na njaa bado!" Tukacheka. Akaniletea chai. Halafu, bila mimi kuuliza, akasema, "Lakini nakusifu. Nimesimama kanisani nikakutolea mfano, kwamba mtu mzima amejifungia kamari mwenyewe. Ungeendelea, mulamu, ningekuja kumchukua dada yangu. Hapo sitanii." Nilimaliza chai, nikarudi nyumbani.

Sasa mama mkwe wangu anaumwa huko Mbozi, na mke wangu anaondoka Jumatatu kwenda kumuuguza. Hatujui atakaa kwa muda gani. Mahindi ya msimu mzima yatauzwa akiwa hayupo. Jana tukiwa mezani aliniambia, "Baba Tumaini, laini ya Zambia nakuachia wewe."

Nikamwambia, "Mpe Tumaini."

"Tumaini yuko Vwawa, wanunuzi wako hapa. Unaogopa nini? Si ulishajifungia?"

Nikasema siogopi kitu. Akacheka, akaniongezea mboga.

Nikiipokea simu ile, najijua, mahindi yatakwisha. Nikiikataa, itanibidi nitoe sababu, na nikiitoa, huenda akaenda kwa mama yake asirudi tena. Nikimwendea shemeji, mwisho ni uleule. Nikiivunja laini, nitakuwa nimemtenga mke wangu na wateja wake wote, na kuirejesha kunamhitaji shemeji huyohuyo. Nimewaza mpaka nimechoka, na kila njia ninayoishika inanirudisha mlangoni mwa mtu anayenisifu.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nawaomba ushauri wenye umri na ndoa zenu, hasa kina mama. Nimwambie mke wangu kabla hajapanda gari, wakati mama yake yuko kitandani? Au nimwache aende na amani yake, nami nibaki na simu ile? Ingekuwa ninyi, mngetaka kuambiwa?