Lumbesa ya Mama Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini Nakuru, Mkaguzi Mkuu wa Vipimo alinikabidhi sanduku la mawe ya shaba, yale ya kuhakikisha mizani ya wafanyabiashara inasema kweli. Alinionya nisiyaguse kwa mkono mtupu, maana jasho la kidole hubadilisha uzito. "Madam, ukichafua jiwe moja umedanganya soko zima," alisema. Niliionea fahari kazi hiyo, na sioni haya kusema naionea bado.

Kwenye masoko ya nje ya mji nilianzia Longonot, kisha nikahamishiwa Bahati, kwa wakulima wa viazi. Huko ndiko nilikokutana na lumbesa: gunia linajazwa, linashonewa wavu juu, linajazwa tena mpaka linaota kichwa, halafu broka, yule dalali wa lori, analinunua kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ilikataza, na mimi ndimi niliyekuwa sheria.

Asubuhi moja nilizuia magunia ya mkulima mmoja, Mama Wambui, yakipakiwa kwenye lori. Broka alicheka. "Hii ni soko huria, madam. Yeye anataka kuuza, mimi nataka kununua. Wewe umetoka wapi?"

Nilitegemea mama angeniunga mkono. Wapi! Alinigeukia kwa ukali. "Shamba ni yangu, jasho ni yangu, viazi ni yangu. Hii haki sikupewa na serikali. Hata nikitaka kuuza na ndoo, ni mimi nimeamua!"

"Unaibiwa, mathe," nilimwambia.

"Na wewe sasa unafanya nini?"

Niliyachukua magunia kama ushahidi. Broka akaenda kununua kwingine. Viazi vikakaa uani kwa ofisi yetu vikingoja kesi, vikaoza, na kila nilipofungua dirisha niliisikia harufu yake. Niliona aibu kubwa.

Nilimwambia Mkaguzi Mkuu kwamba yule mama alikuwa na hoja. Tulibishana wiki nzima. Yeye alishikilia kwamba mnyonge akiachwa peke yake sokoni ataliwa. Mimi nilishikilia kwamba mtu haokolewi kwa kunyang'anywa mali yake, bali kwa kupewa mizani ajionee mwenyewe. Mwishowe alichoka. "Haya, nenda ukajaribu hiyo ujinga yako. Lakini lumbesa nikiiona, nakuandikia barua ya onyo."

Msimu uliofuata nilipeleka mizani ya kuning'iniza hadi shambani kwa Mama Wambui kabla ya lori kufika. Nilimwomba apime gunia lake mwenyewe. Alisoma kilo, akazisoma tena, akajua alichokuwa akimpa broka bure. Broka alipokuja na hotuba yake, mama alimkatiza: "Ndio, soko ni huria. Leo nauza kwa kilo. Hutaki, songa."

Broka alinunua. Mkaguzi Mkuu alidai kwamba ameshinda ule ubishi, nami nikadai vivyo hivyo, mpaka akastaafu.

Sasa nimestaafu pia. Viazi nanunua kwa Mama Wambui, ambaye siku hizi ana mizani yake. Juzi alinipimia kilo tano, mshale ukapita kidogo. Nilidhani ataniachia, kwa vile tumetoka mbali. Alitoa kiazi kimoja, akakirudisha kwenye rundo lake.

"Hii ni yangu," alisema.

Nilibeba vyangu hadi nyumbani nikitembea kifua mbele.