Gari Lililokataa Kusimama

Gari lile lilikuwa jeusi, refu, la mtindo wa kabla ya vita, na lilikuwa limelala miaka kumi na zaidi katika banda nyuma ya ofisi ya serikali. Mwenyewe alikuwa administrata wa zamani, ambaye alirudi Ulaya akaliacha kama mtu anavyoacha viatu vinavyombana. Kuku walitagia ndani yake. Hakuna aliyelikumbuka mpaka habari ilipofika Kindu kwamba gavana anakuja kwa treni.

Administrata mpya, yaani Mbelgiji aliyetutawala wakati huo, alikuwa na pikapu nzuri iliyotembea kila siku. Lakini pikapu ile ilibeba wafungwa na magunia ya mchele, na yeye hakuona gavana akikalia mahali kama hapo. Kutoka stesheni hadi nyumbani kwake ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Hata hivyo akakata shauri kwamba gavana hatatembea kwa miguu.

Mimi nilikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli. Niliitwa nikapewa amri nisifungue hata skrubu moja mpaka afike fundi Mzungu kutoka migodi ya upande wa Pangi. Nikauliza nifanye nini wakati wa kumngoja. Nikaambiwa nilioshe. Nikaliosha siku tatu.

Fundi Mzungu alifika na kiti cha kukunja na kofia kubwa ya jua. Alizijua mashine za kuoshea madini, lakini gari la namna ile nadhani alikuwa akiliona kwa mara ya kwanza, sawa na mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliweza kukiri. Kila asubuhi alikaa kitini akaitazama injini, akaniambia kwamba mtu mweusi hana subira na vyuma. Kila mchana, baada ya chakula, alilala. Hapo ndipo nilipofanya kazi.

Nilitoa kiota cha nyigu katika mrija wa petroli. Pistoni zilikuwa zimeshikana kwa kutu, kwa hiyo nilichukua mafuta ya mawese nyumbani, nikayachanganya na mafuta ya taa, nikayamimina kupitia matundu ya buji, yaani plagi za kuwashia moto. Mke wangu aliona chupa imepungua.

"Kumbe njo unapeleka mafuta ya kupikia kwa motokari," aliniambia, mkononi ana majani ya muhogo ya kupika. "Sasa sombe nitaipika na nini? Na petroli?"

Siku ya nne tangu afike nilizungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia gari, na injini ikanguruma. Fundi Mzungu aliamka, akaja mbio bila kofia, akasikiliza, halafu akatangaza kwamba ni kama alivyotazamia. Nilimweleza kwamba ambreyaji, yaani klachi, imegandamana na kutu: ukikanyaga pedali, injini haiachani na magurudumu, kwa hiyo gari likianza kwenda halitasimama kwa adabu. Alicheka. Alisema mimi nimezoea treni.

Jaribio lilifanywa mbele ya stesheni, kwenye uwanja wa duara, saa nne asubuhi. Administrata alitaka kila kitu kiwe kama siku yenyewe ya gavana. Polisi walipangwa mstari mmoja na kuamriwa wapige saluti kila gari litakapopita. Wanafunzi wa misheni walipewa vibendera na kuambiwa waimbe kila watakapoliona. Administrata aliingia, akashika usukani mwenyewe, amevaa sare nyeupe. Mimi na wafungwa wanne tukasukuma, injini ikashika, gari likaondoka.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Polisi walipiga saluti, watoto waliimba. Kwenye mzunguko wa pili niliona administrata anakanyaga kwa nguvu, goti likipanda na kushuka, na breki zikishindwa na injini. Polisi walipiga saluti, watoto waliimba. Mzunguko wa tatu alikuwa anatuambia kitu, lakini wimbo ulikuwa mkubwa na hakuna aliyesikia. Sajenti alimwona bwana wake amegeuka mwekundu kama pilipili, na kwa kuwa hakuwa amepewa amri nyingine, aliendelea kupiga saluti. Fundi Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akihesabu mawingu.

Kwenye mzunguko wa sita nilikimbia, nikarukia ubao wa kukanyagia, nikapitisha mkono dirishani mbele ya kifua cha administrata na kuzima kontakti, ule ufunguo wa kuwashia injini ambao yeye alikuwa ameusahau. Gari lilisimama. Wimbo ulisimama. Aliniangalia, jasho likimtiririka.

"Nani alikupa ruhusa ya kupanda?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba hakuna. Akasema gavana akishaondoka nitasimamishwa kazi siku mbili.

Kesho yake fundi Mzungu alirudi migodini, akasema ana homa. Jioni administrata alikuja mwenyewe karakanani, akatazama kwanza kama tuko peke yetu, akasema kwa sauti ndogo: "Tengeneza." Hakutaja zile siku mbili. Na mimi sikuzitaja.

Nililipeleka gari kwenye barabara ya Kibombo. Niliendesha pedali ikiwa imekanyagwa, huku nikifunga breki na kuachia, mpaka nikasikia kishindo chini ya miguu na ile ambreyaji ikaachia. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningeweza kugeuza hapo hapo, lakini niliendelea mbele zaidi ya ilivyohitajika. Wanawake waliotoka shamba na mizigo ya mihogo waliona gari jeusi, wakashuka haraka ndani ya majani wakainama. Mmoja aliinua kichwa, akanitazama vizuri.

"Simameni," aliwaambia wenzake. "Iko baba moja tu, hapana Mzungu."

Walicheka mpaka mihogo ikaanguka. Nikashuka nikawasaidia kuiokota.

Gavana alikuja, akakaa ndani ya gari lile kwa muda wa sigara moja, na kwenye hotuba akamshukuru fundi wa migodini, ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwa nyuma ya polisi, na kibendera mkononi. Tuliambiwa tuvipeperushe, nikakipeperusha.