Sindano za Mwatime

Damaris hakuwa mtu wa kutulia, na wiki hiyo ndiyo kabisa. Muuguzi huyu kutoka Nyamira alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili katika kliniki moja ya Malaz, Riyadh: ni nini kinachomsukuma mgonjwa wa kisukari kujitunza? Fomu yake ilikuwa na maswali ishirini na manne, na aliyemnyima raha ni Mwatime.

Mwatime, mama wa Kwale anayefanya kazi za ndani katika mtaa wa Al-Naseem, alijipa tano juu ya tano kila mahali. Anachunga chakula? Tano. Anajidunga insulini kila siku? Tano. Ilhali sukari yake ilikuwa haijashuka chini ya ishirini tangu Mei, wakati ya kawaida haifiki kumi, na sasa kidole gumba cha mguu kilikuwa kinageuka cheusi. Daktari alishaanza kutaja kukikata.

"Huyu mama ni mwongo," Damaris alijisemea, akizunguka chumba na fomu mkononi. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Kalamu ilikuwa tayari kuandika kwamba mgonjwa hana nia.

Ijumaa Mwatime alipokuja, hata salamu hazijaisha, Damaris akamwakia.

"Unajidunga kweli, ama unanidanganya tu? Hicho kidole kitaenda, mama!"

"Wallahi, sista, kila alfajiri kabla mabosi hawajaamka."

Mwatime akafunua tumbo. Lilijaa alama za sindano, za zamani na za asubuhi ile. Damaris aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Ndipo akauliza jambo ambalo fomu yake nzima haikuuliza.

"Dawa unaiweka wapi?"

"Ndani ya begi, chumbani kwangu, kile cha bati juu ya paa. Friji ni ya madam. Akiiona atajua naumwa, ataniambia halas, basi, panda ndege urudi kwenu."

"Huko juu kuna AC?"

"Mafi, hakuna. Feni tu."

Agosti ya Riyadh, chini ya bati! Damaris alimweleza polepole kwamba insulini ikipigwa na joto huharibika, ikabaki kama maji.

Mwatime alishusha nguo yake.

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa najichoma bure?"

"Bure, mama. Na mimi nikakufokea. Nisamehe."

Mwatime akanyoosha mkono.

"Nipe nyingine. Hii naitia frijini kwa madam. Akinirudisha, anirudishe na miguu yangu miwili."