Koti la Mheshimiwa

Juzi, runinga ya hoteli ninayofanyia kazi hapa West Bay, huku ughaibuni, ilionyesha Wamarekani wakimtuza kocha bora wa mwaka wa ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Pande la mtu, analia, ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi. Nilipandwa na hasira. Si yeye aliyenikera. Nilimkumbuka baba.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa kocha wa timu ya mtaa wetu. Alasiri ya fainali uwanja ulinuka jasho na dawa ya kuchua misuli, na spika zilipiga mluzi wa kuumiza masikio. Tulishinda. Diwani, aliyefika mechi ikikaribia kuisha, akavua koti na kumtupia baba.

"Hebu nishikie hapo, kocha."

Kisha akaliinua kombe letu, akapigwa picha katikati ya wachezaji.

Nami nilirukaruka kwa furaha! Niliamini kombe ni la watu wote, lakini koti la mheshimiwa hupewa mtu mmoja tu, yule aliyewashinda wote.

"Mama, ona, baba amepewa koti!"

Mama akanifinya mkono. "Nyamaza."

Baba alilikunja mkononi lisiguse vumbi, akitabasamu.

Siku hizi mimi ndiye ninayepokea makoti ya wageni mlangoni. Tabasamu lile nalijua vizuri sasa, kwa sababu ndilo ninalovaa kazini, na halijawahi hata siku moja kuwa la furaha.