Ukungu wa Siku ya Kupamba

Kwetu Msambweni, siku ya kupamba bibi harusi, wanawake huvua mabuibui mlangoni na simu wakaziacha hapo hapo. Mwanamume haingii, na kamera ni yangu peke yangu. Mama wa bibi harusi aliniambia wazi kwamba Ijumaa video itatazamwa kwa kina bwana harusi, wanaume wakiwemo, hivyo isionekane sura ya mwanamke yeyote ila bintiye, naye akiwa na mtandio wake. Nikaahidi.

Nilikuwa na plagini, kijiprogramu cha ziada unachokitia ndani ya programu ya kuhariri, kikaufuata uso popote unapogeukia na kuutia ukungu. Jumatano ikagoma. Badala ya ukungu, nikapata mkato mwekundu, alama ya kosa, skrini nzima. Wallahi nilitaka kulia.

Kaka yangu, ambaye ni rafiki wa bwana harusi, akasema nipeleke kompyuta kwa fundi wake Ukunda, mambo ya mitambo nitayawezea wapi mimi. Nikamwambia mle ndani mna wake za watu, vichwa wazi. Akacheka. Fundi, akasema, hana haja na nyuso za watu.

"Kama hana haja, basi hatakosa kitu," nikamjibu, nikafunga mlango.

Sikumwambia kwamba aliyeongoza chakacha, ngoma ya kukata viuno, ni mkewe.

Nikaiondoa plagini, nikaiweka tena. Mkato. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Mkato ule ule, umenikodolea macho. Nami nikaukodolea, hatoki mtu hapa, nikasema. Ndipo nilipokumbuka kwamba programu yenyewe ilikuwa imejisasisha wiki ile. Toleo jipya lina folda yake, nami nilikuwa naitia plagini kwenye folda ya zamani, kama mtu apelekaye futari nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Nikapakua plagini inayolingana na toleo jipya, nikaitia panapostahili. Ukungu ukamshukia shangazi wa kwanza usoni, ukamfuata kila alikozunguka. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Ijumaa sebule ilijaa. Bibi harusi alionekana vizuri na mtandio wake. Wengine wote walikuwa viuno na ukungu. Mama yake alinishika mkono, hakuuachia. Kaka akajisogeza kwangu, sauti chini, kile kicheko chake kimekwisha.

"Kumbe mke wangu naye alikuwemo? Ni yupi?"

"Kamuulize fundi wako," nikamwambia.